Uchambuzi: Akili mnemba yagonga mlango wa mchezaji wa kompyuta Kigali

Kijana wa Kigali anayeweka akiba ili aunde kompyuta ya michezo leo anagombania vipuri na makampuni tajiri kuliko yote duniani. Kwa mwenye bajeti ya kati, swali si tena kipuri kipi kina kasi zaidi, bali ni kipi akikikosea leo hatamudu kukibadilisha kesho.

Kwa miaka mingi mafundi waliwapa wateja wao ushauri mmoja: tumia fedha nyingi kwenye kadi ya grafiki, nunua kumbukumbu kidogo, kisha uongeze baadaye kwa sababu bei yake hushuka kila mwaka. Ushauri huo ulikuwa wa busara, na wengi walinufaika nao. Hata hivyo, tangu miezi ya mwisho ya 2025 haufai tena kufuatwa kwa macho yaliyofumbwa.

Chanzo ni vituo vya data vya akili mnemba. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za soko la chipu za RAM duniani zimo mikononi mwa makampuni matatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Makampuni hayo yameelekeza nguvu za viwanda vyao kwenye kumbukumbu maalumu za kasi kubwa zinazofungwa pamoja na chipu za akili mnemba. Kwa ujazo uleule, kumbukumbu hizo hula takriban mara tatu ya silikoni inayohitajika kutengeneza RAM ya kawaida, na faida yake ni kubwa zaidi. Mnamo Oktoba 2025 OpenAI ilitangaza makubaliano na makampuni hayo mawili ya Korea yenye lengo la kufikia sahani za silikoni 900,000 kwa mwezi. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron nayo ikatangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya RAM na diski kwa wanunuzi wa kawaida.

Katika masoko ya Ulaya na Marekani, bei ya vifurushi vingi vya GB 32 vya DDR5 ilipanda zaidi ya mara mbili kati ya Septemba na Desemba mwaka huo. Wimbi hilo halikuhitaji pasipoti kufika Kigali.

Njia ndefu, sarafu dhaifu

Rwanda haina bahari. Mzigo wa kontena hushushwa Dar es Salaam, ukasafiri karibu kilomita 1,500 hadi Kigali kupitia Rusumo, au hushushwa Mombasa na kuvuka Uganda kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Vipuri vidogo vyenye thamani kubwa, kama prosesa na kadi za grafiki, aghalabu huletwa kwa ndege kutoka Dubai. Kila njia ina gharama zake, na kila mpaka una hatari zake. Wafanyabiashara hawajasahau jinsi mpaka wa Gatuna ulivyofungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022.

Aidha, vipuri hununuliwa kwa dola ilhali mshahara hulipwa kwa faranga. Tuchukue bajeti ya kati kuwa dola 800. Mwishoni mwa 2022 kiasi hicho kilikuwa takriban faranga 860,000. Faranga ilishuka thamani kwa karibu asilimia 18 mwaka 2023 na zaidi ya asilimia 9 mwaka 2024, na kufikia mwishoni mwa 2025 dola hizo 800 zilikuwa zaidi ya faranga milioni 1.1. Kompyuta ileile imepanda bei kabla hata muuzaji hajaongeza faida yake.

Kodi nayo haina budi kutajwa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaiweka kompyuta katika daraja la asilimia sifuri. Hata hivyo, mageuzi ya kodi yaliyopitishwa na baraza la mawaziri la Rwanda Februari 2025 yalijumuisha vifaa vya teknolojia ya habari miongoni mwa bidhaa za kurejeshewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, baada ya miaka mingi ya msamaha. Kwa sababu hiyo, mnunuzi aulize mapema kama bei anayotajiwa imejumuisha kodi, na adai risiti ya EBM. Risiti hiyo ni ushahidi wake kipuri kikiharibika ndani ya muda wa dhamana.

Prosesa: kizazi kilichotangulia kina hekima yake

Hapa ndipo uamuzi wa kwanza unapofanyika, kwa maana prosesa huamua aina ya ubao mama, na ubao mama huamua aina ya RAM. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni soketi mpya ya AMD iitwayo AM5, inayotumia DDR5 pekee; Ryzen 5 7600 iliyotoka Januari 2023 ni mfano wake. Ya pili ni AM4, soketi iliyoanza kutumika 2016, inayotumia DDR4. Katika soketi hiyo, Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini sita na matumizi ya wati 65, bado inaimudu vizuri michezo mingi ya leo.

Katika nyakati za kawaida ungeshauriwa kuchukua AM5, kwa kuwa itapokea prosesa mpya kwa miaka ijayo. Nyakati hizi si za kawaida. DDR4 nayo imepanda, kwa sababu viwanda vinapunguza utengenezaji wake, lakini ipo nyingi iliyokwisha kutumika, na RAM ni miongoni mwa vipuri vinavyoweza kununuliwa vikiwa vimetumika bila hofu kubwa. Haina sehemu inayozunguka wala kuchakaa, na programu ya bure ya kuipima hutoa jibu baada ya saa chache. Kwa mwenye dola 800, AM4 ndiyo njia yenye unafuu.

Nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa husoma vijiti viwili kwa wakati mmoja na kasi ya mchezo huongezeka. Chagua ubao mama wenye nafasi nne za RAM, ili siku bei zikishuka uongeze bila kutupa ulivyo navyo. Chagua pia ubao wa daraja la B550 badala ya B450: kadi za grafiki kama RTX 5060 hutumia nusu tu ya njia za mawasiliano na prosesa, na kwenye ubao wa zamani njia hizo huwa nyembamba mno.

Kadi ya grafiki: soma namba mbili

Mnunuzi asome wati na ujazo wa kumbukumbu ya kadi kabla ya jina lake. RTX 5060 ya Nvidia, iliyotoka Mei 2025 kwa bei ya kiwandani ya dola 299, ina GB 8 na hutumia wati 145. RX 9060 XT ya AMD, iliyotoka Juni 2025, ina matoleo mawili: la GB 8 kwa dola 299 na la GB 16 kwa dola 349. Bei ya dukani Kigali huwa juu ya hapo, na kadi zenyewe hubeba chipu za kumbukumbu, hivyo hazijasalimika na uhaba uliopo. Hata hivyo, tofauti kati ya GB 8 na GB 16 ina uzito. Michezo mipya yenye picha nzito tayari huzidi GB 8, na kumbukumbu ya kadi haiongezwi baadaye kama RAM.

Wanaocheza zaidi kandanda ya EA Sports FC, Counter-Strike 2 au Valorant hawana sababu ya kujinyima kwa ajili ya GB 16. Michezo hiyo hutegemea zaidi prosesa, na kadi ya GB 8, hata RTX 4060 ya mwaka 2023 inayotumia wati 115 tu, inawatosha.

Upo mtego mmoja wa bei nafuu. Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12, inavutia sana kwenye karatasi. Lakini majaribio ya Januari 2025 yalionyesha kuwa hupoteza sehemu ya kasi yake inapofungwa na prosesa za daraja la kati za vizazi vilivyopita, Ryzen 5 5600 ikiwa miongoni mwao. Kadi hiyo inamfaa aliyechagua njia ya AM5.

Umeme: pahali pasipofaa ubahili

Pawasaplai haiongezi hata fremu moja kwenye mchezo, na ndiyo maana wengi huinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Umeme unaokatika na kurudi kwa mshtuko hupitia kwanza kwenye kipuri hiki, na kikiwa hafifu huweza kuangamiza ubao mama na kadi ya grafiki kwa mpigo mmoja. Kompyuta tunayoizungumzia hula takriban wati 300 mchezo ukiwa umepamba moto. Pawasaplai ya wati 550 hadi 650, ya kampuni inayojulikana na yenye cheti cha 80 Plus Bronze, inatosha. Wati 750 zilizoandikwa kwenye sanduku jepesi lisilo na jina hazina maana. Ikiwa kipuri kimetoka Marekani na kina swichi ya volti nyuma, hakikisha imewekwa kwenye 230 kabla ya kuchomeka, kwa kuwa huo ndio umeme wa Rwanda.

Piga pia hesabu ya Cash Power. Wati 300 kwa saa nne kila siku ni uniti 36 kwa mwezi. Kwa kuwa bei ya uniti nchini hupanda kwa ngazi kadiri matumizi yanavyoongezeka, kompyuta peke yake inaweza kuiondoa kaya katika ngazi ya chini iliyowekwa kwa wenye matumizi madogo. Kadi yenye wati chache ni akiba ya kila mwezi.

Penye nafuu ni joto. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na haina fukuto la Dar es Salaam wala Mombasa. Feni ya kawaida inatosha, na mfumo wa kupoza kwa maji ni fedha iliyopotea. Adui wa hapa ni vumbi jekundu la kiangazi, linalohitaji chujio na kusafishwa mara kwa mara.

Kompyuta ya ofisi iliyostaafu

Wengi huanzia kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex, wakikusudia kuzipachika kadi ya grafiki. Njia hii inawezekana, lakini ina masharti mawili. Kwanza, nyingi zina pawasaplai ndogo isiyo na waya wa kulisha kadi, hivyo kadi inayofaa ni kama RTX 3050 ya GB 6, inayotumia wati 70 kupitia ubao wenyewe. Nayo itafutwe katika umbo dogo ikiwa kasha ni jembamba. Pili, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mchezo kama Valorant hukataa kufunguka kwenye Windows 11 iliyowekwa kinyume cha masharti ya usalama. Anayeuziwa kompyuta ya kizazi cha sita kwa bei ya chini anauziwa pia tatizo la kesho.

Anasa au chombo cha kazi?

Neno michezo huwafanya baadhi ya wazazi na watunga sera waione mashine hii kuwa anasa. Lakini kompyuta inayochora uwanja wa mpira kwa fremu 60 kwa sekunde ndiyo hiyohiyo inayohariri filamu, kuchora ramani za majengo na kutengeneza katuni. Kwa kijana asiye na ofisi, mara nyingi hiyo ndiyo karakana pekee atakayomiliki. Serikali inayotaka uchumi wa kidijitali haiwezi kuzishusha bei za Seoul, lakini kiwango cha kodi kwenye kipuri kinachovuka Rusumo kimo mikononi mwake.

Kwa mnunuzi, mpangilio wa fedha unabadilika. Pawasaplai nzuri na RAM ya kutosha vinunuliwe kwanza, ubao mama na prosesa vifuate, na kadi ya grafiki ichukue kilichobaki. Prosesa ya 5600 haina picha yake yenyewe, hivyo anayelazimika kuisubiri kadi achague Ryzen 5 5600G, ambayo ni dhaifu kidogo lakini humwezesha kuanza kazi na michezo myepesi siku hiyohiyo.