LIVU ZETU NA WAZEE WALIOBAKI NYUMBANI



Desemba ikikaribia, kila mmoja wetu aliye na kwao Kisii au Nyamira huanza kuhesabu siku. Wa viwanda vya Nairobi, wa bandari ya Mombasa, wa mashamba ya chai ya Kericho, wa maua ya Naivasha, wote huuliza mambo mawili tu: livu itatoka lini, na nauli itapanda mpaka wapi. Tunapanda basi, tunapita Narok na Bomet, tunashuka Keroka au Kisii mjini na mizigo: mkate, sukari, blanketi la mama. Siku tano sita zinapita. Tunakula, tunapiga picha, na Januari ikiingia boma ni kimya tena. Nataka tuzungumze juu ya kimya hicho, maana katika mikutano yetu sijasikia kikitajwa, na ni jambo la wafanya kazi kabisa.

Mwingine atasema, "Habari za mama mzee ni za boma la mtu, chama chaingiaje?" Chaingia hivi. Wale wazee walioko Marani, Ogembo, Nyansiongo na Ikonge, wengi wao si wageni wa kazi ya mshahara. Ardhi ya Kisii ni nzuri na mvua yake haikosi, lakini ni ndogo na watu ni wengi mno, na kwa hiyo tangu zamani vijana wametoka kwenda kuchuma chai Kericho, na kufanya kazi ya reli, ya polisi, ya ualimu. Katika mashamba makubwa nyumba ni ya kampuni. Siku unapostaafu unarudisha ufunguo. Basi mtu aliyekaa kambini miaka 30 anarudi kijijini na kukuta rika lake limekwisha, na vijana wanaopita njiani hawalijui hata jina lake. Mke wake akitangulia kufa, mzee huyo amebaki na redio. Kesho ni mimi na wewe, ndugu. Anayechuma chai leo ana mahali pake katika foleni hiyo hiyo.

Sisi tulio mbali hujidanganya na simu. Tukituma shilingi 1,000 kwa M-Pesa twaona tumekwisha kutimiza wajibu. Serikali nayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi, katika mpango wa Inua Jamii. Sizidharau fedha hizo. Hununua sabuni na chumvi na dawa ya presha, na zikichelewa mzee huumia. Lakini fedha haziketi kitini zikamwuliza mzee amelalaje. Siku ya Sabato, maana Wasabato kwetu ni wengi sana, mzee mwenye nguvu hufika kanisani akashikwa mkono na watu mia. Wakatoliki vivyo hivyo siku ya Jumapili. Siku sita zinazobaki ni za nani? Na yule ambaye magoti hayamruhusu kupanda kilima, hata hiyo siku moja hana.

Wala usidhani hii ni deko ya watu walioshiba. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa ripoti Juni 2025 kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusika na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Uingereza iliweka waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Zamani tukisikia habari za namna hiyo tulicheka, tukasema Wazungu huwatupa wazee wao. Sasa twende polepole na kicheko.

Wazee wetu wa zamani walikuwa na mpango wao, na yafaa tuufahamu kabla ya kuulilia. Kwa Wagusii kuna heshima iitwayo chinsoni. Mzazi na mtoto wake mkubwa hawachanganyiki ovyo. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana ana mipaka yake mbele ya baba mkwe. Lakini mjukuu na babu, mjukuu na bibi, hao hawana mpaka. Hutaniana hata kwa maneno ambayo mzazi hathubutu kuyatamka mbele ya mwanawe. Wajukuu walilala katika nyumba ya bibi, wakaota moto naye, wakasikia hadithi, wakamletea maji na kuni. Kwa hiyo mwenzi wa mzee hakuwa mimi mwanawe, ambaye nikikaa naye saa moja sote twaona haya na kuanza kuzungumza habari za mbolea. Mwenzi wake alikuwa mtoto wangu.

Na huyo mtoto tulimwondoa. Tunaye mjini katika vyumba viwili, au yuko shule ya bweni. Akija Desemba, yeye ana Kiswahili na Kiingereza na Sheng, na bibi ana Ekegusii, na wanatazamana wakitabasamu kama abiria wawili wanaongoja basi. Sikusudii kulaumu shule. Mtoto ni lazima asome. Nasema tu kwamba tulimwondoa mtu katika kazi yake wala hatukuweka mwingine. Kama tajiri angefanya hivyo kiwandani, kupunguza mtu na kuiacha mashine bila msimamizi, chama kingesimama siku hiyo hiyo.

Nafasi hiyo ikikaa wazi, mambo mabaya huingia. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto na kundi la watu waliowasingizia uchawi. Oktoba 2021, katika Marani, kina mama wazee wanne waliuawa kwa neno hilo hilo. Sisemi upweke ndio uliowaua. Waliua wauaji, na nyuma ya uvumi wa namna hii mara nyingi kuna shamba linalotamaniwa na mtu. Lakini tazama jinsi uvumi unavyokua. Mzee anayeishi peke yake, anayesema peke yake kwa kuwa hana wa kusema naye, anayetoka nje usiku kwa sababu usingizi umemkimbia au akili imeanza kusahau njia, mzee huyo hana shahidi. Aliye na mtu nyumbani ana shahidi wa kusema, "Jana usiku bibi alikuwa hapa, nilimpa uji, tukalala." Maneno machache hayo ni ukuta mkubwa kuliko mlango wa chuma tunaomtengenezea.

Baadhi ya wenzetu wameyaona haya, wakaajiri mtu wa kukaa na mzee. Nawasifu, kisha nina neno nao. Mara nyingi anayeletwa ni binti wa ukoo wa mbali, na kwa sababu ni wa ukoo twaona hahitaji mshahara, atosheke na chakula na mafuta ya kujipaka. Hana siku ya kupumzika. Na Krismasi ikifika, sisi sote tukiwa livu, ndiye anayepika ugali wa wimbi na chinsaga kwa watu ishirini na kuosha vyombo mpaka usiku, na sikukuu yake haiko katika kalenda yoyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kila aliyeajiriwa apate walau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na livu ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili, na mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Ndicho kitabu tunachokipiga mezani mbele ya matajiri wetu. Sasa tumekuwa matajiri sisi, tunakificha kabatini! Na aliyeleta mtoto ambaye mahali pake ni darasani, huyo asinitajie haki za wafanya kazi.

Tena si kazi ya mtu asiye na akili. Kujua saa ya dawa ni jambo dogo. Kujua ni lini mzee ataka mazungumzo na ni lini ataka kunyamaza, kutembea kwa mwendo wake bila kumburuta, kusikiliza hadithi ya mara ya arobaini kana kwamba ni ya jana, kumwacha achague mwenyewe nguo ya kuvaa ingawa achelewa, huo ni ufundi. Kwa Kenya chama cha KUDHEIHA huwaandikisha wafanya kazi wa nyumbani. Yule binti aliyeko kwa mama yako aambiwe habari hiyo, na yafaa umwambie wewe uliyemwajiri.

Nije kwenye livu yenyewe. Sheria hiyo yaruhusu, mfanya kazi na mwajiri wakikubaliana, livu igawanywe, mradi sehemu moja isipungue majuma mawili ya kazi mfululizo, isipokuwa mapatano ya chama yawe yamesema vingine. Tuchukue boma lenye watoto wanne walioajiriwa. Kwa pamoja wana siku 84 za kazi. Kwa juma la siku sita hayo ni majuma 14. Wote wakimwagika Desemba, mama apata juma moja la kelele na majuma 51 ya kimya. Lakini wakikaa chini wakapangana, mmoja aende Aprili shule zikifungwa, tena awaache watoto kwa bibi mpaka wajifunze kumsalimu kwa lugha yake, mwingine Agosti, mwingine wakati wa bonasi ya chai, na wa nne Desemba. Krismasi siifuti, mwenye uwezo aje. Nasema tu isiwe ndiyo siku pekee. Najua kuna mameneja wanaotoa livu zote kwa mwezi mmoja kwa faida ya kazi yao. Hilo ni jambo la kujadiliana nao wakati wa mapatano, na wajumbe wetu walichukue kama wanavyochukua habari ya posho ya nyumba.

Na tukifika nyumbani tufanye nini? Wengi wetu hugeuza sikukuu kuwa mzigo kwa mzee. Tunamwekea muziki wa sauti kubwa, tunamkalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya picha, tunazungumza mambo yetu juu ya kichwa chake. Mwulize ataka nini. Mama mzee wa Kigusii hakuzaliwa katika boma unaloliita kwenu. Aliolewa kutoka ukoo mwingine, labda alitoka Machoge akaletwa Kitutu, na huko ana ndugu waliobaki wawili watatu, wazee kama yeye, ambao hajawaona miaka sita kwa sababu nani atampeleka? Likizo ya mama ni hiyo. Mtafutie gari, mpeleke kwao, mwache siku mbili azungumze na dada yake mambo ya utoto ambayo wewe huyajui wala hayakuhusu. Baba mpeleke akamwone aliyetahiriwa naye, wakae chini ya mti. Nauli ya safari hizo haifiki bei ya mbuzi tunayemchinja kwa ajili yetu wenyewe.

Kuna jambo moja la fedha ambalo limenikaa moyoni. Mtu wa kwetu akifa, kamati ya mazishi huundwa usiku ule ule. Michango hutoka Nairobi, Mombasa, hata Marekani. Basi hukodiwa, hema hukodiwa, vipaza sauti huletwa, na ruhusa ya kazini hupatikana ndani ya saa moja, maana hakuna meneja anayependa kukataa msiba. Katika matawi mengi mfuko wa kusaidiana pia hutoa kitu kwa jeneza. Sipingi heshima ya wafu. Nauliza kwa nini mfuko wetu haujui njia ya nyumbani kwa mwanachama mpaka awe ameaga dunia. Mtu alikata ada ya chama miaka 25, akastaafu, jina lake likafutwa katika daftari, na tutalisikia tena siku ya tangazo la kifo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kupata matunzo na msaada wa kiasi kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Serikali tuidai, lakini jamaa ndio sisi.

Kwa hiyo naomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano wa tawi wa Novemba. Katibu afungue daftari la waliostaafu miaka kumi iliyopita, atenge majina ya Kisii na ya Nyamira, na kila mwanachama anayekwenda livu upande huo apewe jina moja au mawili ya wazee walio karibu na kwao. Akae na mzee nusu siku, anywe uji, arudi na habari: yu mzima, hupata pesa zake za Inua Jamii au hazipati, ana mtu wa kukaa naye au hana, na huyo mtu hulipwa au halipwi. Mfuko umrudishie nauli. Kutoka Keroka mpaka Nyansiongo si mbali, na mweka hazina wetu hawezi kusema kwamba safari hiyo itauangusha mfuko.