Malezi ya Watoto: Kitabu cha Kwanza cha Hesabu

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kitabu ambacho wazazi wengi hukidharau kwa udogo wake, nacho ni kitabu cha picha cha kumfundisha mtoto kuhesabu.

Tumtazame mtoto wa miaka mitatu katika nyumba moja hapa Haydom. Wageni wafikapo huambiwa ahesabu, naye husema moja mpaka kumi bila kukosea, na wote hufurahi. Baadaye mama humwambia, "Mwanangu, niletee vikombe vitatu." Mtoto hurudi na kimoja, au hukumbatia vyote alivyovikuta. Baba hukasirika, akadhani mwanawe ni mkaidi au mzito wa akili.

Hasha! Mtoto hana kosa. Alichokishika ni maneno yanayofuatana, kama mtu ashikavyo wimbo wa lugha asiyoijua. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walitoa kitabu juu ya jambo hili. Walieleza kuwa ahesabuye hana budi kushika mambo matatu: kila kitu hupewa jina moja tu la hesabu, majina hayo hufuatana kwa utaratibu usiobadilika, na jina la mwisho ndilo lielezalo idadi ya vyote. Hili la tatu huchelewa kumwingia mtoto. Hapo ndipo picha inapofaa, maana vikombe vilivyochorwa havisogei wala havipotei. Kidole hupita juu ya kimoja kimoja, kisha mzazi huuliza, "Basi, vyote ni vingapi?"

Lakini si kila kitabu kitufaacho. Vingi vya namna hii vimetungwa kwanza kwa Kiingereza, lugha ambayo neno la mbili ni lile lile, ukihesabu watu au mayai. Sisi twasema watoto wawili, vikombe viwili, mayai mawili, miti miwili. Hesabu ya moja hadi tano, na ya nane, hufuata jina la kitu. Sita, saba na tisa, ambayo asili yake ni Kiarabu, hayabadiliki. Na kumi, ijapokuwa ni neno la Kibantu, nalo halibadiliki. Basi mwenye kufasiri kitabu cha kigeni akaandika "mbili" tu chini ya picha ya vikombe, amemwachia mtoto nusu ya kazi.

Kiko kitabu mashuhuri cha Muriel Feelings, kilichochorwa na Tom Feelings na kutolewa Marekani mwaka 1971, kiitwacho Moja Means One. Chahesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, na moja yake ni Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1972 michoro yake ilipata heshima ya Caldecott. Ni kitabu kizuri, lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, kwa watoto wa huko wapate kuyajua majina ya hesabu zetu. Mtoto wetu ahitaji zaidi ya majina.

Na hapa kwetu haja hiyo ni kubwa zaidi. Pande hizi za Mbulu na Hanang hukutana Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba na Kihadza, lugha za asili nne mbalimbali. Mtoto aliyezoea nyumbani kusema wak, tsar, tam, yaani moja, mbili, tatu kwa Kiiraqw, atoka katika lugha isiyo na ngeli kama za Kiswahili. Akifika darasani akasema "vikombe mbili", wenziwe humcheka. Naye achekwaye mara mbili hanyoshi mkono mara ya tatu. Tangu mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo yametiliwa mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mtoto aliyekwisha kuona haya atafaidi nini?

Basi dawa i mikononi mwetu. Kata karatasi ngumu vipande kumi, uvishone kwa uzi. Katika kila ukurasa andika tarakimu, jina lake, na maneno kamili: "3, tatu, vikombe vitatu." Chora vitu avijuavyo mtoto: mayai, mahindi, vibuyu, ng'ombe. Nyumba isiyopenda picha za viumbe wenye roho haikosi vitu vya kuchora; tende na misikiti vyatosha. Usijaze ukurasa mapambo, mtoto asije akahesabu maua mahali pa vikombe. Na kama nyumbani husemwa Kiiraqw au Kidatoga, hesabuni kwanza kwa lugha hiyo, kisha kwa Kiswahili. Ajuaye kuwa vitu ni vitatu kwa lugha ya mama yake hana la kujifunza upya ila maneno.

Kisha kifungeni kitabu, mkamwambie mtoto alete kokwa nne za tende. Akizileta nne, msifuni. Akizileta sita, msimkemee; hesabuni pamoja naye, tende moja, tende mbili, mpaka nne, na zilizozidi mle pamoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira katika malezi ya watoto wetu.