Nyumba na Gari: Honi Iliyonyamaza



Twapenda mwezi huu kuzungumzia kitu kidogo katika gari ambacho hatukikumbuki ila siku tunapokihitaji, nacho ni honi. Taa ikifa, jirani atatwambia. Tairi likipungua upepo, usukani utatwambia. Lakini honi yaweza kunyamaza miezi mitatu na mwenye gari asijue, kwa kuwa hapa Uingereza mtu hupitisha juma zima bila ya kuibonyeza. Atajua siku ile gari jingine litakapokuwa linatoka uani kinyumenyume, dereva wake hatazami, na watoto wamo kiti cha nyuma wakipelekwa chuoni. Atabonyeza, na hapatakuwa na sauti.

Sheria nayo haikuifanya honi kuwa pambo. Katika ukaguzi wa kila mwaka, yaani MOT, ambao kwa gari la kawaida huanza linapotimiza miaka 3 (na kwa ndugu zetu wa Ireland ya Kaskazini, miaka 4), honi ni miongoni mwa vitu vinavyojaribiwa. Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro zimegawanywa kwa madaraja, na honi isiyolia imo katika daraja la kasoro kubwa. Gari halipasi mpaka itengenezwe. Kanuni za magari za mwaka 1986 zataka pia iwe na sauti moja mfululizo, isiyopanda wala kushuka. Vijana wetu wanaotamani honi za kuimba, mfano wa zile za mabasi ya Dar es Salaam na Mombasa, na wabaki na hamu yao.

Jambo linalotusikitisha ni kuona baadhi yetu wakipeleka gari gereji hali hawana la kusema ila "honi mbovu". Asiyejua hata aulize nini hana budi kukubali kila aambiwalo. Mama mmoja wa jumuiya yetu alielezwa kwamba yapasa abadilishiwe kifaa cha ndani ya usukani, kwa mamia ya pauni. Kabla ya kulipa, kijana wake alifungua kisanduku cha fyuzi akakuta fyuzi ya honi imeungua. Hatusemi kwamba fundi yule alikusudia dhulma, maana huenda alikisia tu. Lakini makisio ya fundi hulipwa na mwenye gari, kwa hivyo yafaa sisi wenyewe tujue njia ya kutafuta kosa, hatua kwa hatua, tukianza na lililo jepesi na rahisi.

Kwanza tufahamu honi inavyofanya kazi. Ndani yake mna koili ya waya na bamba jembamba la chuma. Umeme wa volti 12 ukipita, koili huwa sumaku na kulivuta bamba. Likisha kuvutwa, umeme hukatika na bamba hurudi. Likirudi, umeme huungana tena. Mvutano huo hutokea mara mia kadhaa kwa sekunde, na huo mtetemo ndio sauti tuisikiayo. Kwa vile honi hula umeme mwingi, kitufe cha usukani hakiupitishi chenyewe. Huamrisha swichi ndogo ya sumaku iitwayo rilei, nayo ndiyo iufunguliayo njia. Katika magari mengi ya karibuni, amri hiyo hupitia kwanza kwenye kompyuta ya gari. Basi njia ya umeme ni hii: betri, fyuzi, rilei, honi, kisha hurudi kupitia bodi ya gari. Kosa limo mojawapo ya vituo hivyo, au katika kitufe na nyaya zake.

Sasa tuanze uchunguzi. Ufanyeni mchana, gari likiwa katika uwanja wa nyumba, wala si barabarani, kwa sababu tutakazozitaja. Iwe ni kazi ya watu wawili: mmoja abonyeze, mwingine asikilize. Na mtoto anayesoma Kiingereza vizuri apewe kijitabu cha gari atafute ukurasa wa fyuzi. Watoto wetu hufurahi wanapoona elimu yao ina manufaa nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Honi iliyo kimya kabisa yaelekeza kwenye fyuzi, rilei au kitufe. Honi inayokwaruza au yenye sauti dhaifu yaelekeza kwenye maji, kutu au kiungo kibovu cha waya. Magari mengi yana honi mbili, moja ya sauti nyembamba na nyingine nene. Sauti ikibadilika ghafula, huenda moja imekufa. Na honi inayolia usukani ukikatwa upande mmoja na kunyamaza upande mwingine, kosa lake aghalabu limo ndani ya usukani.

Hatua ya pili ni fyuzi. Itoeni na mwitazame kwenye mwanga. Kama kiwaya cha ndani kimekatika, tieni nyingine ya kipimo kile kile. Rangi zake zinajulikana: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20. Kamwe msitie kubwa zaidi, wala msiizungushie karatasi ya fedha ya jikoni. Fyuzi huungua ili waya usiungue, na anayeiziba hivyo amekaribisha moto garini. Ikiungua tena mara tu honi inapobonyezwa, basi kuna waya unaogusa bodi au honi imeharibika ndani, na kubadilisha fyuzi mara ya tatu hakutafaa kitu.

Hatua ya tatu ni rilei. Msikilizaji asogeze sikio penye kisanduku cha fyuzi wakati mwenzake anabonyeza. Akisikia mlio mdogo, "tik", amri ya kitufe imefika, na uchunguzi uendelee upande wa honi. Asiposikia, huenda rilei imekufa au amri haifiki. Mara nyingi katika kisanduku hicho hicho mna rilei nyingine inayofanana nayo kwa namba na kwa miguu. Badilishaneni hizo mbili kwa muda; honi ikilia, kosa limepatikana.

Hatua ya nne ni honi yenyewe, ambayo hukaa mbele, karibu na rediata au nyuma ya bampa. Hapo ndipo maji ya mvua na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa baridi vinapofanya uharibifu wao. Msiingie chini ya gari lililonyanyuliwa kwa jeki peke yake. Chomoeni plagi ya honi, mpime kwa ile taa ndogo ya kupimia umeme yenye ncha na waya, ambayo huuzwa kwa pauni chache. Taa ikiwaka wakati kitufe kinabonyezwa, umeme unafika, na honi ndiyo mgonjwa. Isipowaka, hamisheni mguu wa taa wa upande wa bodi muutie kwenye hasi ya betri. Ikiwaka sasa, umeme unakuja lakini hauna njia ya kurudia. Safisheni kwa brashi ya chuma pale waya ulipofungwa kwenye bodi. Isipowaka hata hivyo, waya wa kutoka kwenye rilei umekatika mahali.

Hatua ya tano ni usukani, na hapa twawasihi msimame. Ndani yake mna utepe mwembamba wa nyaya uliozungushwa mfano wa springi ya saa, ili usukani uzunguke bila ya nyaya kukatika. Utepe huo ukichakaa, honi hufa, na mara nyingi vitufe vya redio vya usukani hufa nayo, na taa ya onyo ya mfuko wa hewa huwaka. Taa hiyo pia huangusha gari katika MOT. Mfuko huo hufumuliwa kwa baruti, na mtu aliyefungua kifuniko cha usukani kwa bisibisi aweza kuumia vibaya. Kazi hii ni ya fundi mwenye ujuzi nayo.

Lakini tazameni tofauti: sasa mnakwenda kwa fundi na maneno mkononi. Mwambieni, "Fyuzi nzima, rilei tumeibadilisha, umeme haufiki penye honi." Muulizeni amepima nini kabla ya kuagiza kifaa, na mwombe awarudishie kile cha zamani. Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Limebaki neno la adabu. Sheria ya hapa yaruhusu honi kwa kumzindua mwenzio kwamba upo, basi. Hairuhusiwi gari likiwa limesimama barabarani, wala katika makazi ya watu kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1:00 asubuhi, isipokuwa pana hatari inayotokana na mwendeshaji mwingine. Miaka ya 2014 hadi 2016, Ramadhani ilipoangukia Juni na Julai, tarawehe ilimalizika usiku wa manane, na tulikuwa tukiagana kwa honi mbele ya msikiti kana kwamba mtaa mzima umefunga pamoja nasi. Na wakati wa baridi wako wanaomwita mwenzao kwa sala ya Alfajiri kwa kupiga honi chini ya dirisha la jirani mwenye mtoto mchanga. Simu ipo, na mlango upo wa kubishwa kwa upole.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Honi nzima itumiwayo kwa haki huondoa udhia. Honi hiyo hiyo ikitumiwa kwa ghadhabu au mzaha huwa ndiyo udhia wenyewe. Kwa hiyo, kila mwanzo wa mwezi, mnapotazama mafuta na upepo wa tairi, ibonyezeni honi mara moja mchana uani mwenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwezi ujao, Inshallah, tutazungumzia betri na baridi.

Wabillahi tawfiq.