Kompyuta ya Msikiti Inapogoma Kuwaka

Kompyuta ya ofisi ya msikiti hubeba amana. Humo mna majina ya wajane na mayatima wanaopokea zaka, na hakuna apendaye shida yake isomwe na kila apitaye soko la Mbuyuni. Ndiyo maana tumekuwa tukihimiza diski zifungwe kwa usimbaji fiche, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetuongezea sababu.

Ndugu zetu wa kamati moja huko Machame wametuletea swali. Walipanga upya sehemu za diski katika mashine ya Linux ili wapate nafasi. Tangu hapo inakwama njiani, ikidai diski haionekani. Fundi amewashauri wafute yote waanze upya. Wasikubali kwanza.

Mara nyingi kilichopotea ni anwani tu. Kila sehemu ya diski ina namba yake ya utambulisho, UUID, na mafaili mawili, /etc/crypttab na /etc/fstab, huzitafuta sehemu kwa namba hizo. Sehemu ya /boot au ya swap ikiundwa upya, namba hubadilika, na mfumo hubaki ukibisha hodi kwa aliyekwisha hama.

Washeni kompyuta kwa flashi yenye Linux, kisha andikeni lsblk -f. Mkiona neno crypto_LUKS, mshukuruni Mola: kichwa cha kufuli kipo. Ifungueni sehemu hiyo kwa cryptsetup open. Kama kuna LVM, iamsheni kwa vgchange -ay. Pachikeni mfumo kwenye /mnt, na /boot mahali pake (pamoja na /boot/efi, ikiwapo), kisha /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, ndipo muingie kwa chroot. Hapa wengi hukwama: jina mlilotumia kufungulia lazima liwe lile lile lililomo ndani ya crypttab. Likitofautiana, tokeni, ifungeni, mwanze tena. Sahihisheni namba, kisha, kwa Debian na Ubuntu, update-initramfs -u -k all, na update-grub.

Neno crypto_LUKS lisipoonekana, msiandike chochote juu ya diski hiyo. Huenda mwanzo wa sehemu umesogezwa, nao waweza kutafutwa. Lakini kichwa kikiwa kimefutika na nakala hakuna, neno la siri pekee halifungui kitu. Nakala hutolewa kwa cryptsetup luksHeaderBackup, kazi ya dakika moja, na flashi yake ikae kwa mweka hazina, si katika mkoba wa kompyuta.