Elimu ya Udongo si ya Wageni Tu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita lilitajwa jambo la kutoa fedha katika mfuko wetu wa elimu, ili watoto wa wanachama wasaidiwe kusomea uhandisi wa udongo na miamba. Ndugu mmoja akasimama akauliza: "Mtoto akae chuoni miaka 5 akijifunza udongo? Mimi nimeuchimba udongo tangu ujana wangu, na hakuna aliyenipa cheti." Watu walicheka sana, na jambo lenyewe likaahirishwa mpaka mkutano ujao.

Sisi twaona swali la ndugu huyu si la kuchekwa. Ni swali la maana, nalo lastahili jibu la adabu kabla ya kupiga kura.

Ni kweli kabisa kwamba mfanya kazi aujua udongo. Hapa Mugutha kila mtu ajua kuwa upande wa juu, penye mashamba ya kahawa, udongo ni mwekundu, na ukishuka upande wa mashariki wakuta ule mweusi unaonata. Watu wa gengi la reli wajua mahali ambapo njia huzama kila masika hata ikiinuliwa mara ngapi. Wajua penye matope yanayopanda kati ya kokoto gari linapopita, na tuta linalotoa maji siku nyingi baada ya mvua kwisha. Udongo mweusi huvimba ukinywa maji, na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Hayo hatukufundishwa na profesa.

Lakini kujua kwamba njia huzama ni jambo moja, na kujua kwa nini huzama, na itazama kiasi gani mwaka ujao, ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo huitwa uhandisi wa udongo. Kila kitu alichojenga mwanadamu husimama juu ya ardhi: nyumba, daraja, reli, bwawa. Ukuta wa jiwe na nguzo ya chuma hutoka kwa fundi zikiwa zimepimwa, lakini ardhi haikutengenezwa na fundi. Yabidi iulizwe, na mwenye kuiuliza sharti awe amejifunza maswali yake.

Tuchukue mfano wa kwetu. Bwawa la Sasumua, huko Njabini, lilikamilika mwaka 1956 ili kuupa mji wa Nairobi maji. Ni bwawa la tuta la udongo. Udongo uliokuwapo ulipopimwa, ulileta mashaka, maana ulikuwa laini mno, wenye maji mengi, na hata ukishindiliwa ulibaki mwepesi. Kwa kanuni zilizoandikwa Ulaya na Marekani, udongo wa namna ile haukufaa. Akaitwa Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, ambaye wahandisi wengi humwita baba wa elimu hii. Zamani, alipokuwa mwalimu Istanbul, mtu huyu alianza kupima udongo kwa vyombo alivyojiundia, hata visanduku vya sigara akavitumia. Baadaye, mwaka 1925, alitoa kitabu kilichoifanya elimu ya udongo kuwa elimu kamili.

Ikaonekana kwamba udongo wa Sasumua haukuwa mbaya. Una madini yaitwayo haloisaiti, na chembe zake hushikamana vifungu vifungu. Kwa hiyo una nguvu, na huachia maji vizuri kuliko vipimo vya kawaida vilivyosema. Kosa lilikuwa katika kanuni, ambazo zilitungwa kwa udongo wa nchi nyingine. Mwaka 1958 Terzaghi alichapisha habari za bwawa hilo katika jarida la Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha London, na mpaka leo husomwa na wanafunzi duniani. Mwaka 1961 mtafiti wa Uingereza aitwaye Newill alichapisha uchunguzi wa udongo mwekundu wa aina mbili kutoka Kenya. Watafiti walikuja kuonya kwamba udongo wa namna hii ukikaushwa katika joko, kama ilivyo desturi, tabia yake hubadilika, na kipimo chadanganya.

Ndugu, lifikirini jambo hili. Udongo wetu ulikuwa mashuhuri London wakati ambapo watoto wetu hawakuwa na nafasi ya kuusomea. Kama wakati ule asingekuwapo mtu wa kuuliza swali zaidi, udongo uliofaa ungalitupwa, na mwingine ungalitafutwa mbali kwa gharama kubwa. Hiyo ndiyo faida ya utafiti. Nayo kazi haikwisha mwaka 1961, kwa kuwa nchi ni kubwa, na barabara, reli na nyumba zinazojengwa leo ni nyingi kuliko za wakati ule.

Sasa tuseme habari ya mfanya kazi mwenyewe, maana wako wanaodhani utafiti ni jambo la mabwana wa koti jeupe peke yao.

Injinia akitaka kujua nguvu ya ardhi, hupeleka mtambo wa kutoboa. Chuma hushushwa katika tundu, na nyundo ya kilo 63.5 huangushwa juu yake kutoka sentimita 76. Watu huhesabu mapigo mpaka chuma kizame sentimita 30. Hesabu hiyo huandikwa katika karatasi, na karatasi huenda ofisini. Injinia huikadiria nguvu ya msingi kwa hesabu ile. Yeye hakuwapo penye tundu. Aliyekuwapo ni kibarua.

Mimi niandikaye haya nilipata kufanya kazi hiyo kabla sijaingia reli. Siku moja mvua ilitunyeshea tangu asubuhi, na tundu moja lilikuwa limebaki. Nyapara akasema tusijisumbue, tuandike hesabu zinazofanana na za tundu la jirani. Nami ndiye niliyeshika kalamu, kwa kuwa nilijua kuandika. Nikaandika. Hakuna aliyetuambia zile namba ni za kazi gani. Tulilipwa kwa idadi ya matundu, na asiyemaliza hakupata siku yake. Jengo lilijengwa mahali pale, na watu wamo ndani yake. Kila nipitapo huitazama ile pembe.

Silisemi jambo hili ili nijisifu wala ili nimshitaki mtu. Nalisema ili tujue kwamba elimu ya profesa yasimama juu ya mkono wa kibarua. Kibarua asipofundishwa, asipolipwa vizuri, na akiogopa kufukuzwa kwa kusema kweli, basi kitabu chote ni cha uwongo tangu ukurasa wa kwanza.

Na uwongo wa ardhi hauna huruma. Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Nakuru, tuta la bwawa la shamba lilipasuka usiku, na watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 29 Aprili 2024, katika masika makubwa, maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakapiga vijiji vya Mai Mahiu usiku, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Kwanza ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka yakatoka kwa nguvu. Sisi watu wa reli hatuwezi kusoma habari hiyo tukafunua ukurasa wa pili. Tuta si bwawa, halikujengwa kuzuia maji. Kalvati likiziba, tuta la reli lageuka bwawa pasipo ruhusa ya injinia yeyote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa twaweza kusema, usipozibua kalvati utazika jirani.

Tusisahau wala mashimo ya kila siku. Meta moja ya udongo kwa kila upande, yaani urefu, upana na kina, huwa na uzito wa karibu tani 2. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani katika mtaro wa bomba hawezi kupumua, hata kama kichwa chake ki nje. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yampasa mwajiri kulinda maisha ya mfanya kazi, na mfanya kazi aonaye hatari yampasa amwarifu msimamizi wake. Lakini ataionaje hatari mtu ambaye hakufundishwa kutazama ukingo wa shimo?

Basi njia za elimu ziko wapi? Ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kiko Juja, safari fupi ya matatu kutoka hapa Mugutha. Kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Hufundisha uhandisi wa ujenzi, na elimu ya udongo imo ndani yake. Papo hapo Juja pana taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, kilichoundwa na Umoja wa Afrika, ambapo vijana wa nchi nyingi za Afrika huja kusomea shahada ya juu na udaktari, uhandisi wa ujenzi ukiwamo. Watu wapanda ndege kuja Juja, na sisi twapita mbele ya lango lake kila siku tukidhani si mahali petu. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho chafundisha uhandisi tangu siku za Royal Technical College, iliyofunguliwa mwaka 1956.

Mtoto atakaye shahada ya uhandisi sharti apate alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, na awe na nguvu katika hesabu na fizikia. Masomo ni miaka 5. Baada ya hapo hufanya kazi chini ya injinia mzoefu kabla ya kuandikwa kuwa injinia kamili na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011. Apendaye miamba zaidi aweza kusomea jiolojia. Mwenye alama za chini asikate tamaa. Viko vyuo vya ufundi vinavyotoa diploma na vyeti, na mwenye diploma aweza kuwa fundi wa maabara: kuchekecha udongo, kuushindilia katika kopo na kuupima uzito, kutafuta kiasi cha maji kinachoufanya ulegee. Serikali ina idara yake ya kupima vifaa vya barabara huko Nairobi, na kampuni za kutoboa na kupima zahitaji watu. Kwa mfanya kazi mtu mzima uko mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambao huanza na daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Na kwa watu wa reli iko shule yetu ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1956.

Hatusemi kwamba kila atakayesoma atapata kazi kesho. Wako wahandisi vijana waliokaa nyumbani, na wako mafundi wa maabara wanaofanya kazi ya kibarua mwaka baada ya mwaka, pasipo mkataba wala likizo. Hiyo ndiyo sababu jambo hili ni la chama, wala si la mzazi peke yake. Kumsomesha mtoto kisha kumwacha aajiriwe kwa siku ni kumwaga maji katika mchanga.

Kwa hiyo twaomba mkutano ujao uyapokee mambo matatu. La kwanza, mfuko wa elimu usaidie mtoto mmoja wa chuo kikuu na wawili wa vyuo vya ufundi kila mwaka katika masomo haya, wasichana na wavulana sawa. La pili, chama kidai kwa waajiri kwamba kila mtu apelekwaye kuchimba, kutoboa au kupima afundishwe kwanza maana ya kazi yake, na asilipwe kwa idadi ya matundu, bali kwa siku. La tatu, kila gengi liwe na daftari la kuandika mahali njia inapozama, tuta linapotoa maji na kalvati linapoziba, pamoja na tarehe, na nakala ya daftari hilo iwekwe katika ofisi ya tawi. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujuzi wa mzee wa gengi ni mali. Akistaafu bila kuandikwa, waondoka naye. Daftari kama hilo likipelekwa Juja litakuwa chakula cha watafiti, nao watuletee majibu.

Na kwa yule ndugu aliyeuliza, jibu letu ni hili. Ni kweli hukupewa cheti, nawe ulistahili. Ndiyo maana twataka mtoto wako akipate, naye akiisha kukipata arudi akae nawe kando ya njia, akuulize mahali inapozama na wewe umwonyeshe.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Njooni nyote.

Umoja ni nguvu.