Kupata x bado si jibu

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako uliposema watoto wanaanguka kwenye maswali ya pembe kwa sababu ya kujumlisha na kutoa, sikubaliani nawe. Huku Bugembe nafundisha watoto wa majirani jioni, na hesabu wanaziweza. Nikiwapa pembe mbili kwenye mstari ulionyooka, moja 3x + 12 na nyingine 2x − 7, wanaandika vizuri kabisa 5x + 5 = 180, wanapata x = 35, wanapiga mstari chini na kufunga daftari! Swali liliuliza pembe, siyo x. Lazima warudishe ile 35 mahali pake wapate nyuzi 117 na 63, kisha wajumlishe kuhakikisha zinafika 180. Alama zinapotelea hapo. Na wewe msomaji mwenzangu uliyetoa maoni kwamba mambo haya hayana kazi mtaani, siku ukipita Jinja tazama lile daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018, lenye urefu wa mita 525. Kila kebo inayolishikilia inaposhuka kwenye barabara inaacha pembe mbili, nyembamba upande wa nguzo na pana upande wa pili, na ukijua moja umeshajua mwenzake bila kupanda na kipimapembe. Wanafunzi wangu hawa wakiiona picha yake wanaanza kubishana wenyewe. Mwandishi, makala ijayo tuwekee maswali yanayodai pembe zote mbili, tafadhali.