Tupige Picha, Tusiokote

Kila niwapelekapo wanafunzi wangu Ngome ya Yesu, huwauliza: chini ya bahari hii mna nini? Wengi hunyamaza. Hapo ndipo ilipozama Santo António de Tanná, meli ya vita ya Wareno, mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Kuanzia 1977 wapiga mbizi waliyapima mabaki yake, wakayachora na kuyapiga picha. Baadhi ya vyombo vimo katika makumbusho ya ngome. Chombo kikiokotwa bila kuandikwa kilipokuwa, hakitueleweshi tena jambo. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana wa Mji wa Kale kupiga picha na kuandika, wala wasiokote. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.